Sala Moja, Lugha Tatu: Kilatini cha Ifakara, Quenya ya Tolkien na Kiswahili cha Okestra

Mwanzoni mwa karne hii, katika kibanda umiza kimoja mjini Ifakara, niliitazama kwa mara ya kwanza filamu ya The Lord of the Rings. Mabenchi yalikuwa ya mbao, televisheni ilikuwa ndogo, na joto la bonde lilitubana kana kwamba sote tumeingizwa katika gunia moja la mpunga. Sauti ya mfasiri ilikuwa imepachikwa juu ya Kiingereza cha wahusika, ikitueleza kwa Kiswahili cha mtaani nani anamfukuza nani na kwa sababu gani. Mfasiri huyo hakuwa na haya: pale asipoelewa, alitunga. Lakini wasafiri walipoingia katika mapango ya Moria na kwaya ya sauti nzito za kiume ikaanza kuimba, mfasiri alinyamaza.

Kijana mmoja nyuma yangu akauliza, "Hawa wanaimba lugha gani?" Mwingine akajibu kwa uhakika wa mtu asiyejua, "Kilatini." Hapo ndipo mzee aliyekuwa ameketi karibu na mlango, ambaye nadhani alikuja kumtafuta mjukuu wake kuliko kutazama filamu, alipogeuka na kusema, "Hicho si Kilatini, mjukuu wangu. Kilatini nimekiimba."

Ndugu msomaji, sentensi hiyo imekaa nami kwa miaka mingi. Mzee yule hakujua Kilatini kama anavyokijua msomi. Alikuwa amekiimba tu, ujanani, katika kwaya, bila kukizungumza na bila kuambiwa maana ya kila neno. Hata hivyo alikuwa na haki nacho. Masikio yake yaliitambua lugha aliyowahi kuibeba mdomoni, na yakaikataa nyingine iliyofanana nayo kwa mbali. Katika makala haya nataka kuifuata sentensi yake hiyo mpaka inakokwenda. Nitasimulia jinsi sala moja, ile ya Baba Yetu, ilivyoimbwa katika lugha tatu: Kilatini kilichofika bonde la Kilombero pamoja na wamisionari, lugha ya kubuni iliyotungwa na profesa mmoja wa Uingereza, na Kiswahili chetu kilichochukuliwa na okestra kikaimbwa na watu wasiokisema. Mwishoni nitauliza swali linalotuhusu sisi wapenzi wa lugha: lugha zetu za bondeni ziko wapi katika nyimbo hizi zote?

Kilatini bondeni

Bonde la Kilombero limekaa kati ya milima ya Udzungwa na milima ya Mahenge. Mto wake hufurika kila masika, ukaacha udongo ambao umeufanya mchele wa Ifakara usifiwe hadi Dar es Salaam. Humo wanaishi Wandamba, Wapogoro, Wambunga, Wabena na wengine waliohamia kwa kilimo, kwa uvuvi, na baadaye kwa reli ya TAZARA iliyojengwa katika miaka ya 1970. Kwa hiyo kabla ya lugha yoyote ya kigeni kufika, bonde hili tayari lilikuwa na lugha nyingi zilizopakana mashamba.

Mwaka 1902 Wabenediktini wa Kijerumani walifungua misheni ya Kwiro, karibu na Mahenge. Miaka mitatu baadaye vita vya Majimaji viliwaka. Tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Wajerumani ya Mahenge, wakauawa wengi kwa bunduki za rashasha, na baada ya vita ikafuata njaa. Mwaka 1907, vita vilipokuwa vinazimika, kilichapishwa Berlin kitabu cha Hendle juu ya lugha ya Wapogoro, chenye sarufi pamoja na msamiati wa Kijerumani na Kipogoro. Naomba tuutazame mwaka huo kwa makini. Wenye lugha walikuwa wakizika wafu wao na kutafuta mizizi ya kula, na wakati huohuo lugha yao ilikuwa ikipangwa kwa alfabeti katika kiwanda cha uchapaji cha mbali. Hatuwezi kumbeza Hendle, kwa maana bila kazi yake tungekuwa na pengo kubwa zaidi. Lakini tusisahau kwamba kitabu kile kilitungwa kwa ajili ya wasomaji wa Kijerumani.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliondolewa, na mwaka 1921 Wakapuchini kutoka Uswisi wakafika kuchukua nafasi ya Wabenediktini. Kwa mkono wao Ifakara ilipata shule, hospitali na kwaya. Katika kanisa la siku hizo lugha ziligawana kazi. Mahubiri na katekisimu zilikuwa kwa Kiswahili, na watu walisali Baba Yetu kwa Kiswahili nyumbani kwao. Lakini Misa yenyewe ilikuwa ya Kilatini. Padri aliiimba Pater noster kwa Kilatini, na kwaya ikaimba Gloria na Sanctus kwa Kilatini, ikiwa na Kyrie ambayo, kwa kweli, ni Kigiriki kilichojificha ndani ya Kilatini.

Mwanakwaya wa Ifakara alijifunzaje nyimbo hizo? Kwa sikio na kwa noti za sofa: do, re, mi zilizoandikwa kwa herufi chini ya maneno yaliyokatwa silabi kwa silabi. Aliyezaliwa katika Kindamba au Kipogoro, lugha ambazo silabi zake hupenda kuishia na irabu, alikutana na maneno kama "Sanctus", yenye konsonanti zilizobanana katikati na nyingine mwishoni. Ulimi ukafanya kile ambacho ulimi wa Kibantu hufanya siku zote: ukaongeza irabu, ukayapa maneno nafasi ya kupumua. Kilatini kikaimbika. Maana ilijulikana kwa jumla: hapa tunamsifu Mungu, hapa tunaomba huruma. Neno kwa neno, haikujulikana. Na bado wazee walioimba nyimbo hizo husema kwamba hawakuwahi kuimba kitu kilichowapa utulivu kama ule.

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya liturujia iliyofungua mlango kwa lugha za watu. Mwaka huohuo padri Stephen Mbunga, Mtanganyika, alichapisha kitabu kikihoji nafasi ya muziki wa Kibantu mbele ya sheria za Kanisa; naye ndiye mtunzi wa misa ya Kiswahili inayoitwa Misa Baba Yetu. Katika muda wa miaka michache Kilatini kikashuka kutoka kwenye ghorofa ya kwaya, na Kiswahili kikapanda. Kwa wengi ilikuwa siku ya ushindi: hatimaye Mungu anaombwa kwa lugha inayoeleweka. Kwa wachache, na mzee wa kibanda umiza pengine alikuwa mmoja wao, kulikuwa na kitu kilichopotea, ingawa hawakuwa na jina la kukiitia.

Profesa aliyetunga lugha

Mtu mwingine aliyehuzunikia kuondoka kwa Kilatini alikuwa mbali sana na Ifakara, ingawa alizaliwa katika bara letu. J. R. R. Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, tarehe 3 Januari 1892, akapelekwa Uingereza akiwa mtoto mdogo. Mama yake aliingia Ukatoliki mwaka 1900 na kufariki mwaka 1904, na mwana akaishika imani hiyo, pamoja na Kilatini chake, kama amana ya mama. Mjukuu wake amesimulia jinsi, baada ya Misa kugeuzwa kuwa ya Kiingereza, babu yake alivyoendelea kuitikia kwa Kilatini, kwa sauti kubwa, huku waumini wote wakiitikia kwa Kiingereza na mjukuu akiona haya.

Kazi ya Tolkien ilikuwa kufundisha Kiingereza cha kale Oxford, lakini furaha yake ya siri ilikuwa kutunga lugha. Akiwa mwanafunzi alikutana na sarufi ya Kifini, akavutiwa na wingi wa irabu zake, na kutokana na mvuto huo akaiunda Quenya. Kutokana na mapenzi yake kwa Kiwelisi akaiunda Sindarin. Lugha zilitangulia, hadithi zikafuata ili lugha zipate watu wa kuzisema. Vitabu vya The Lord of the Rings vilitoka mwaka 1954 na 1955, na ndani yake mna mashairi katika lugha hizo.

Lakini kuna jambo ambalo wasomaji wengi wa riwaya zake hawalijui. Katika miaka ya 1950 Tolkien alikaa akatafsiri Baba Yetu na Salamu Maria kwa Quenya. Hakufanya hivyo kwa ajili ya hadithi, kwani watu wake wa ngano hawana Kanisa. Alifanya kwa ajili yake mwenyewe, akirudi kwenye tafsiri hiyo tena na tena kurekebisha neno hapa na kiambishi pale. Tafsiri hizo zilichapishwa mwaka 2002, karibu miaka thelathini baada ya kifo chake mwaka 1973.

Mtu hutafsiri sala katika lugha pale anapotaka kukaa ndani ya lugha hiyo kama nyumba. Ndivyo walivyofanya wamisionari walipotaka Kiswahili kiwe nyumba ya imani yao: jambo la mapema lilikuwa Baba Yetu. Tolkien alifanya hivyohivyo kwa nyumba aliyoijenga peke yake na ambamo hapakuwa na mkazi mwingine.

Kwa nini okestra hupenda lugha isiyoeleweka

Peter Jackson alipozigeuza riwaya hizo kuwa filamu tatu, mwaka 2001, 2002 na 2003, mtunzi wa muziki wake alikuwa Howard Shore wa Kanada. Shore alitumia London Philharmonic Orchestra na kwaya kubwa, na akataka kila taifa la hadithi liimbiwe kwa lugha yake. Maneno yaliandikwa kwa Kiingereza, kisha mwanaisimu David Salo wa Marekani akayatafsiri kwa Sindarin, Quenya na lugha nyingine za Tolkien, akijaza kwa sheria za sarufi mapengo ambayo mwenye lugha aliyaacha. Kwaya nzito ya Moria iliyomnyamazisha mfasiri wetu ilikuwa ikiimba Khuzdul, lugha ya mbilikimo wa ngano, ambayo Tolkien mwenyewe aliacha maneno yake machache tu. Muziki wa filamu ya kwanza na ya tatu ulipata tuzo ya Oscar.

Shore hakuwa wa kwanza kutafuta lugha ya mbali. Mwaka 1999 John Williams, alipotunga wimbo wa kwaya uitwao Duel of the Fates kwa filamu ya Star Wars, alichukua kipande cha shairi la kale la Kiwelisi, akataka kitafsiriwe kwa lugha kadhaa, kisha akachagua Kisanskriti kwa sababu ya sauti yake, akizipanga silabi kwa mahitaji ya noti kuliko ya sarufi. Mwaka 2000, katika filamu ya Gladiator ambayo muziki wake aliutunga pamoja na Hans Zimmer, Lisa Gerrard aliimba maneno yasiyo ya lugha yoyote, yaliyozaliwa mdomoni mwake tu. Mwaka 2005 Roma Ryan, mwandishi wa maneno ya nyimbo za Enya, alibuni lugha ya Loxian kwa albamu ya Amarantine.

Sababu ya kwanza ni ya ufundi, na sisi washairi tunaielewa upesi. Kwaya inahitaji irabu, kwa maana sauti husimama juu ya irabu; konsonanti ni mlango tu wa kuingilia. Lugha yenye silabi wazi humpa mtunzi mizani iliyo sawa na ndefu. Sababu ya pili ni ya moyo. Maneno yanayoeleweka hushindana na picha, maana mtazamaji hawezi kusikiliza shairi na kufuata upanga kwa wakati mmoja. Maneno yasiyoeleweka humwambia tu kwamba hapa pana watu, pana kale, pana utakatifu, kisha humwacha aendelee kutazama. Kwa ufupi, kwaya ya filamu hufanya kazi ileile iliyofanywa na Kilatini katika kanisa la Ifakara kabla ya 1963.

Lugha zetu zilipofanywa za kubuni

Kuna upande wa pili wa jambo hili, nao unauma kidogo. Mtu anayetafuta lugha isiyoeleweka hahitaji kuibuni. Anaweza kuchukua lugha ya watu ambao hatarajii kuwaona kwenye viti vya sinema.

Mwaka 1983, katika Return of the Jedi, rubani mmoja wa sayari ya mbali mwenye mashavu mapana, Nien Nunb, anazungumza lugha ambayo watazamaji wa Marekani waliichukulia kuwa ya kubuni. Sauti ilikuwa ya mwanafunzi kutoka Kenya, Kipsang Rotich, na maneno mengi yalikuwa ya Kikuyu safi. Filamu ilipofika Kenya watu walicheka kwa furaha: kiumbe wa anga za juu alikuwa jirani yao. Kicheko kile ni chema, lakini ndani yake mna swali. Kikuyu kilikuwa na mamilioni ya wasemaji, mashairi, riwaya na nyimbo za vita vya ukombozi, na bado kwa sikio la Hollywood kilitosha kuwa mlio wa sayari nyingine.

Mwaka 1994 The Lion King iliyachukua majina yake kutoka Kiswahili, kama Simba, Rafiki na Pumbaa, na kwaya zake ikazichukua kutoka Kizulu kwa mkono wa Lebo M wa Afrika Kusini. Hans Zimmer akapata Oscar kwa muziki huo. Watunzi waliwajibika zaidi hapa, kwani maneno yana maana na waimbaji ni wenye lugha. Hata hivyo Kiswahili na Kizulu vimewekwa katika nchi moja ambayo haipo kwenye ramani, kama Quenya na Sindarin.

Kabla ya hayo yote ilikuwapo Missa Luba, iliyorekodiwa mwaka 1958 na kwaya ya vijana wa Kamina, Kongo, chini ya padri Guido Haazen: maneno ya Kilatini, lahani na ngoma za Kikongo. Mwaka 1968 Sanctus yake ilisikika katika filamu ya Uingereza iitwayo If.... Watoto wa Kamina walikuwa wamefanya lile ambalo wanakwaya wa Ifakara walilifanya kwa siri ya ulimi, yaani kukigeuza Kilatini kikae Kiafrika, na filamu ikaja kuichukua sauti hiyo kama alama ya uhuru na uasi.

Baba Yetu ya okestra

Mwaka 2005 mchezo wa kompyuta wa Civilization IV ulitoka ukiwa na wimbo wa ufunguzi uitwao Baba Yetu. Mtunzi alikuwa Christopher Tin, Mmarekani mwenye asili ya China, na maneno yalikuwa sala ya Bwana kwa Kiswahili. Baadaye Tin aliurekodi upya na Soweto Gospel Choir kwa albamu yake ya Calling All Dawns ya mwaka 2009. Mwezi Februari 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, ukawa wimbo wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video kupata tuzo hiyo. Tangu hapo kwaya za shule na vyuo duniani zimeuimba, wengi wa waimbaji wakijifunza Kiswahili chao kama mzee wetu alivyojifunza Kilatini: silabi kwa silabi, chini ya noti.

Mimi naupenda wimbo huu, na nasema hivyo kabla ya kuukosoa. Sikio lililofunzwa mizani hukutana nao na kusita mahali pawili. Kwanza, neno "yetu" linarudiwa zaidi ya sarufi inavyotaka. Hilo si kosa. Ngoma zetu pia hurudia neno mpaka liwe mdundo. Pili, katika sehemu moja neno "mbinguni" limekatwa, ikabaki "m" peke yake ikiimbwa juu ya noti yake, na mengine yakaachwa.

Hapa nawaomba washairi wenzangu tusimame. Tunajua kwamba "m" ya Kiswahili ni za aina mbili. Katika "mbuyu" inahesabiwa mizani kamili: m-bu-yu, mizani tatu. Katika "mbuzi" haihesabiwi, bali imeshikamana na "b": mbu-zi, mizani mbili. "Mbingu" ni ya kundi la pili, kwa hiyo "mbinguni" ina mizani tatu, na "m" yake haiwezi kusimama peke yake. Hakuna mjukuu wa Muyaka ambaye angeikata hapo. Mtunzi aliyeikata alikuwa akisikiliza sauti, kama Williams alivyosikiliza Kisanskriti, na kwa muda wa noti moja Kiswahili kikawa lugha ya kubuni.

Je, tukasirike? Nilidhani hivyo zamani. Kisha nikawakumbuka wanakwaya wa Ifakara waliovitia irabu vikonsonanti vya Kilatini. Je, Cicero angesikia angesemaje? Waliiimba lugha isiyo yao kwa heshima, wakaikosea, na katika kuikosea wakaipa uhai. Waimbaji wa Baba Yetu wanatulipa deni hilo bila kujua. Tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa: Kilatini kilipofika Ifakara kilikuwa na nguvu ya kutawala, nacho Kiswahili kilipofika katika mchezo wa kompyuta hakikuwa na polisi wala boma. Kilipendwa tu. Si lugha nyingi za Afrika zimepata bahati hiyo.

Sisi pia hubuni

Tusije tukadhani kwamba kubuni lugha ni ufundi wa Oxford pekee. Watoto wa pwani walikuwa na Kinyume, mchezo wa kuhamisha silabi ya mwisho ya neno mwanzoni, hivi kwamba "mbuzi" huwa "zimbu" na "nyumba" huwa "mbanyu". Askofu Edward Steere alikitaja Kinyume katika kazi zake za lugha za karne ya 19. Angalia jinsi mchezo huo unavyolinda mizani: "mb" haivunjwi. Mtoto asiyewahi kusikia neno fonolojia alijua pa kukata na pasipo kukatwa.

Huku bondeni tuna lugha nyingine ambayo haijapata Steere wake. Mpunga unapotoa masuke, watoto na wanawake hupanda dunguni kuamia ndege. Anayeamia hupiga makopo, huvurumisha udongo kwa teo, na huita. Miito hiyo haina maneno. Ni irabu ndefu zinazopanda na kushuka, mwenye dungu la mbali akiitikia, mpaka shamba zima linakuwa kwaya bila kiongozi. Niliamia utotoni, na leo ninaposikia kwaya ya filamu ikitanda juu ya okestra, mwili wangu hukumbuka dungu kabla haujakumbuka sinema. Ndege walielewa. Jirani pia alielewa, kwani kwa mwito alijua kama uko macho, kama umechoka, kama una njaa.

Deni la bonde

Sasa nirudi kwenye swali nililoliahidi. Mpenzi wa Quenya leo anaweza kupata sarufi, kamusi, vitabu vya mazoezi na nyimbo zilizorekodiwa na okestra kubwa. Kindamba kilipata mchoro wake wa sarufi kuchapishwa mwaka 2010. Kipogoro kina kitabu cha Hendle cha 1907, kwa Kijerumani. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania, na humo lugha zetu za bonde zina mahali pake kwenye ramani na hesabu ya wasemaji wake. Ni kazi za heshima. Lakini ramani haiimbi.

Na hapa lazima tuseme ukweli ambao sisi wapenzi wa Kiswahili huukwepa. Kilichozisogeza lugha hizi pembeni si Kilatini, wala Kijerumani, wala lugha za filamu. Ni Kiswahili, lugha yangu na yako, lugha ya shule, ya soko, ya reli na ya Misa mpya. Mwaka 1963 ulipofungua mlango kwa lugha za watu, mlangoni kulikuwa na lugha nyingi; bondeni kwetu iliyoingia na kuketi ni moja. Ilituunganisha, na sitaki kuishi katika nchi isiyo nayo. Ila anayesherehekea kupanda kwa Kiswahili kwenye jukwaa la Grammy na awe na ujasiri wa kuuliza ni nani aliyeachwa dunguni.

Tolkien alitunga lugha kwanza, kisha akatafuta watu wa kuzisema. Sisi tuna watu, tuna lugha, na tuna kwaya karibu kila mtaa wa Ifakara, zenye watunzi wanaojua sofa na wenye kinanda cha umeme. Kinachokosekana ni uamuzi tu: kukaa na bibi mmoja jioni moja, kuandika wimbo mmoja wa kuvunia mpunga kama anavyouimba yeye, silabi kwa silabi chini ya noti, na kuwapa vijana waujifunze. Hata wasipoielewa lugha yote, wataibeba. Mzee wangu wa kibanda umiza alikuwa shahidi kwamba lugha iliyobebwa mdomoni mara moja haisahauliki, na kwamba baada ya miaka arobaini mwenye kuibeba anaweza kusimama mlangoni akasema: hii naijua, nimeiimba.

Nafunga kwa ubeti mmoja, kwa desturi yetu:

Nimesikia kwayani, lugha zisizo wenyewe,
Zimeundwa vitabuni, zikapambwa zisifiwe,
Na zetu za mabondeni, nazo haki zitendewe,
Ziimbwe zi midomoni, zisingoje zililiwe.